Kasi ya Intaneti Nyumbani: Namna ya Kuipima na Kuielewa

Mtumiaji anaponunua kilo moja ya mchele katika Soko la Buguruni, mizani huwa mbele ya macho yake, na kipimo kikipungua huuliza papo hapo. Anaponunua intaneti ya nyumbani hali huwa tofauti: hulipa kila mwezi kwa bidhaa asiyoiona wala kuishika. Hata hivyo, bidhaa hiyo nayo ina mizani yake. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuitumia.

Kipimo chenyewe

Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa faili hutajwa kwa megabaiti. Maneno haya yanakaribiana kwa sauti, lakini baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo laini ya megabiti 10 kwa sekunde hupakua megabaiti 1.25 tu kila sekunde, na faili la megabaiti 100 huchukua angalau sekunde 80. Asiyejua tofauti hii anaweza kudhani amepunjwa, kumbe amelinganisha vipimo viwili visivyo sawa.

Programu ya kupima kasi hutoa matokeo matatu. La kwanza ni kasi ya kupakua, yaani kupokea: kutazama video, kusoma kurasa, kuchukua faili. La pili ni kasi ya kupakia, yaani kutuma picha na video kutoka nyumbani. La tatu ni muda wa mwitikio, unaohesabiwa kwa milisekunde. Kadiri unavyokuwa mdogo, ndivyo mazungumzo yanavyokwenda bila kusubiriana.

Matangazo mengi hutaja kasi ya kupakua peke yake. Umuhimu wa kasi ya kupakia unaonekana wazi hapa Buguruni, ilipo shule ya watoto viziwi. Wawili wanaosikia wakipigiana simu ya video, picha ikiganda sauti yaweza kuendelea. Kwa wanaozungumza kwa lugha ya alama, picha ikiganda mazungumzo yamekatika. Familia yenye hitaji hilo iulize kasi ya kupakia kabla ya kulipia.

Namna ya kupima

Tunashauri mtumiaji afuate hatua zifuatazo:

1. Asome mkataba au kifurushi chake na kuandika kasi aliyoahidiwa. Aangalie neno "hadi": "hadi megabiti 20" ni kilele cha kasi, si ahadi ya kila saa. Aangalie pia kama kasi hupunguzwa baada ya kiasi fulani cha matumizi.
2. Asimamishe kwa muda video na upakuaji katika vifaa vyote vya nyumbani.
3. Apime akiwa karibu na ruta. Akiwa na kompyuta, aiunganishe kwa waya. Kisha apime tena katika chumba anachokitumia zaidi.
4. Arudie asubuhi, mchana na usiku, kwa siku kadhaa. Kipimo kimoja hakitoshi.
5. Aandike tarehe, saa, mahali na matokeo. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Anayetumia kifurushi chenye kikomo akumbuke kwamba kupima nako hula data. Kipimo cha sekunde 10 kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 125 kwa kupakua pekee.

Kuyasoma matokeo

Tuchukue mfano wa mpangaji wa Mnyamani aliyelipia "hadi megabiti 20". Karibu na ruta anapata 18, lakini chumba cha nyuma anapata 4. Hapa tatizo limo ndani ya nyumba: kuta za matofali hudhoofisha mawimbi, na waifai za majirani waliobanana huingiliana. Akinunua kifurushi kikubwa zaidi, atalipa zaidi na chumba cha nyuma hakitanufaika sana. Dawa ni kuisogeza ruta katikati ya nyumba, juu, mbali na vyuma. Masafa ya gigahezi 5 hayana msongamano mkubwa lakini hupenya kuta kwa shida. Yale ya 2.4 hufika mbali zaidi lakini hugombaniwa na wengi.

Iwapo mpangaji huyo anapata 18 asubuhi na 5 kila usiku, hata akiwa kando ya ruta, na hakuna mwingine anayeitumia laini yake, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba msongamano uko upande wa mtoa huduma. Hili huwapata hasa wanaotumia intaneti ya mnara wa simu, kwa kuwa uwezo wa mnara mmoja hugawanywa kwa wote waliounganishwa nao.

Kuna pia sababu zilizo mbali na mtaa. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, ilizorotesha intaneti nchini. Siku kama hiyo, vipimo vibaya havielezi hali ya kawaida ya laini.

Kudai haki

Vipimo vikionyesha upungufu wa mara kwa mara, mtumiaji awasilishe malalamiko kwanza kwa mtoa huduma wake, akiambatisha kumbukumbu zake, na adai namba ya lalamiko. Asiporidhika na majibu, anaweza kulifikisha suala hilo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa chini ya Sheria ya Mamlaka hiyo ya mwaka 2003 ili kutetea maslahi ya watumiaji.

Lalamiko la kwamba "intaneti iko chini" ni rahisi kujibiwa kwa maneno matupu. Lalamiko lenye vipimo vya siku saba, saa na mahali palipopimwa, humlazimu anayelipokea kujibu kwa vipimo vilevile. Daftari hilo halihitaji gharama kubwa. Linahitaji dakika chache asubuhi, mchana na usiku.