Tiba ya Kairopraktiki: Yampasayo Mgonjwa Mpya Kuyafahamu

Maumivu ya mgongo ni miongoni mwa sababu kuu zinazowafanya watu washindwe kufanya kazi duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa wakiishi na maumivu ya mgongo wa chini. Si ajabu, basi, kwamba mlaji aliyemeza vidonge vya maumivu kwa miezi huvutwa na tangazo linalomwahidi kunyooshwa uti wa mgongo bila dawa wala kisu. Makala haya hayakusudii kumzuia asiende. Yanakusudia kumwezesha aingie kliniki akijua anachokinunua.

Kairopraktiki ni tiba ya mikono. Tabibu huzipapasa pingili za uti wa mgongo na viungo vingine, kisha huisukuma sehemu aliyoichagua kwa msukumo mfupi wa haraka. Mara nyingi husikika mlio kama ule wa kualisha vidole. Wengi hudhani kuwa ni mfupa uliokuwa umehama ukirejea mahali pake. Sivyo: mlio huo hutokana na gesi iliyoyeyuka katika ute wa kiungo, ambayo hujitenga pale kiungo kinapovutwa ghafla. Kusikika kwake hakuthibitishi kuwa tiba imefaulu, wala kukosekana kwake si dalili ya kushindwa. Tunalisema hili mapema kwa sababu mgonjwa anayeufuata mlio hurudi kuununua tena na tena.

Mwanzilishi wa tiba hii, Daniel David Palmer, aliianza mwaka 1895 katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, nchini Marekani. Kabla ya hapo alikuwa mganga aliyedai kuponya kwa sumaku, naye aliamini kuwa karibu maradhi yote hutokana na pingili zilizokaa vibaya na kubana neva. Imani hiyo haikuthibitika. Mwaka 2010 baraza linaloisimamia taaluma hii nchini Uingereza, General Chiropractic Council, lilitamka kuwa hakuna ushahidi wa utafiti wa kitabibu unaomruhusu tabibu kudai kwamba hitilafu hiyo ya pingili ndiyo chanzo cha magonjwa. Kwa hiyo, ukiahidiwa kuponywa shinikizo la damu, kisukari, pumu au utasa kwa kunyooshwa mgongo, ondoka. Usiache dawa ulizoandikiwa hospitalini kwa sababu ya ahadi ya namna hiyo, hata kama aliyeitoa amevaa koti jeupe.

Linaloungwa mkono na ushahidi ni dogo zaidi, lakini lipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini unakubali, kwa masharti, kwamba tiba ya kusukuma pingili kwa mikono yaweza kutolewa kwa watu wazima, sambamba na mazoezi na elimu ya kujitunza. Nafuu yake kwa kawaida ni ya kadiri. Maumivu ya mgongo yaliyoanza karibuni, yasiyo na dalili za hatari, mara nyingi hupungua yenyewe ndani ya wiki chache endapo mtu ataendelea kutembea na kufanya shughuli zake badala ya kulala kitandani.

Neno hilo, dalili za hatari, ndilo kiini cha siku ya kwanza. Tabibu mwadilifu hukuuliza maswali mengi kabla hajakugusa. Atataka kujua kama umeanguka au kupata ajali, kama umewahi kuugua saratani, kama mifupa yako ni dhaifu, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kama una ujauzito. Asipouliza, mwambie mwenyewe. Asipojali jibu lako, usilale kwenye kitanda chake.

Kwetu lipo jambo moja linalostahili mkazo wa pekee. Kifua kikuu hakishambulii mapafu tu; chaweza kuingia katika pingili na kuzila polepole, huku mgonjwa akiwa hana kikohozi hata kidogo. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, jasho jingi usiku au kupungua uzito bila sababu yahitaji vipimo vya hospitali, maana kuusukuma uti uliokwisha kuliwa ni kuhatarisha miguu ya mgonjwa. Vilevile, ukipata ganzi kati ya mapaja na kuzunguka njia ya haja, ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu ikilegea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hiyo ni dharura, na kuchelewa kwaweza kuacha ulemavu wa kudumu.

Shingo nayo ina hadhari yake. Baada ya tiba, wagonjwa wengi huhisi uchovu au maumivu madogo yanayokwisha kwa siku moja au mbili. Lakini imeripotiwa, kwa nadra, kuchanika kwa mshipa wa damu unaopita shingoni kuelekea kwenye ubongo, jambo linaloweza kuleta kiharusi. Wataalamu wanaendelea kujadiliana iwapo msukumo ndio huchana mshipa, au mgonjwa huja na maumivu ya shingo kwa kuwa mshipa umekwisha kuanza kuchanika. Kwa mgonjwa hitimisho ni lilelile: maumivu makali ya ghafla ya kichwa au shingo, kizunguzungu, kuona vitu viwili-viwili, ulimi kuwa mzito au uso kupinda upande mmoja ni safari ya hospitali, si ya kitanda cha tabibu. (Na kwa kuwa tumeitaja shingo: kinyozi anayemaliza kazi kwa kukuzungusha kichwa hadi kialike hajauliza swali lolote kati ya hayo tuliyoyataja. Mwombe aishie kwenye nywele.)

Ridhaa ni yako hadi dakika ya mwisho. Unaweza kukubali mgongo uguswe na kukataa shingo. Unaweza kutaka ndugu yako awepo chumbani, au kuinuka katikati ya tiba. Picha ya eksirei isiwe desturi ya kila anayeingia mlangoni. Uliza itabadilisha nini katika tiba yako, kwa kuwa maumivu ya kawaida yasiyo na dalili za hatari hayaihitaji.

Malalamiko mengi ya walaji katika huduma za namna hii huzuka kwenye malipo. Mgonjwa, akiwa bado na hofu ya picha aliyooneshwa, hutakiwa kulipia mapema mahudhurio kadhaa kwa bei ya punguzo. Lipia hudhurio moja baada ya jingine. Muulize tabibu anatarajia mabadiliko gani na lini, kisha mpime kwa maneno yake: je, waweza kuinama kufunga viatu, kubeba ndoo, kulala usiku kucha? Ikiwa wiki nne zimepita bila tofauti, mpango huo ufikiriwe upya na daktari, wala usiongezwe. Kifurushi cha mwaka mzima cha kuzuia maumivu ambayo huna kikatae kwa heshima.

Kuhusu sifa za tabibu, uliza alisomea wapi na amesajiliwa na nani, kisha taka kuona cheti ambacho muda wake haujakwisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataja saa zisizopungua 4,200 za mafunzo kamili kwa anayeanza bila elimu ya tiba, zikiwamo 1,000 za kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Nchini Afrika Kusini, kwa mfano, taaluma hii husomwa chuo kikuu, Durban na Johannesburg, kwa miaka kadhaa. Cheti cha semina ya siku mbili ni kitu kingine kabisa. Nchini Tanzania lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002. Jina la tabibu na la kliniki yake waweza kuyapeleka huko na kuuliza kabla ya kulipa.

Tunza stakabadhi, nakala za picha na maelezo ya kila hudhurio. Ukiumia, andika siku hiyohiyo tarehe, sehemu iliyosukumwa na ulichohisi, na umwoneshe daktari wa hospitali maandishi hayo kabla ya kuyapeleka kwenye baraza husika.