Neti ya Ngiri Inayonyoosha Goti

Je, wajua kwamba neti ya kuzibia ngiri tumboni inaweza kumrudishia mtu uwezo wa kunyoosha mguu?

Mwenye goti bandia ana chuma na plastiki mahali pa mifupa iliyolika, lakini kinachomnyoosha mguu bado ni mwili wake: misuli ya mbele ya paja, kano yake, pia ya goti, na kano fupi inayoishikiza pia hiyo kwenye mfupa wa goko. Kano hiyo fupi ikikatika, goti bandia halina kazi. Akilala chali hawezi kuinua kisigino. Akisimama, goti linamkunjikia. Jambo hili hutokea kwa nadra, lakini likimpata mtu asikae nyumbani akichuliwa, maana misuli huendelea kujivuta kuelekea juu na kurekebisha kunakuwa kugumu zaidi.

Kuishona tu mara nyingi hakufui dafu. Kano imejaa makovu ya upasuaji wa awali, damu inayoifikia ni haba, na kupanda ngazi hulibebesha goti mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Zimetumika pia kano za marehemu waliojitolea viungo, ila nyingine hulegea baada ya miaka, tena zahitaji benki ya kuzihifadhi.

Mwaka 2011 madaktari James Browne na Arlen Hanssen walichapisha njia iliyotumika Mayo Clinic, Marekani. Neti ya polipropilini, plastiki ileile inayofumiwa mifuko ya salfeti, hukunjwa tabaka juu ya tabaka na kushonwa iwe ukanda mnene. Mfupa wa goko huchongwa mfereji, ncha moja ikazamishwa humo kwa saruji ya mifupa na kukazwa kwa skrubu. Ncha ya juu hulazwa katikati ya misuli ya paja, mguu ukiwa umenyooka kabisa, na vyote vikashonwa pamoja.

Uzuri wa mbinu hii, kwa maoni yangu, uko kwenye matundu ya neti. Nyama changa hupenya humo, ikaugeuza ukanda wa plastiki kuwa sehemu ya mguu. Hatua hii haiharakishwi. Mgonjwa hufungwa hogo kwa wiki kadhaa bila kukunja goti hata kidogo, kisha hulikunja polepole, nyuzi chache kila hatua. Kati ya wagonjwa 13 wa ripoti ile, neti ilishindwa kwa 3 ndani ya miezi 6, na maambukizi yalimrudia mmoja. Wale 9 waliobaki walinyoosha mguu, wakipungukiwa na nyuzi zisizofika 10.