Beki Aliyekataa Kuhama
Franco Baresi, mwana wa wakulima, alizaliwa Travagliato, kaskazini mwa Italia, mwaka 1960, akafiwa na wazazi wake wote wawili angali kijana. Klabu ya Inter ilimchukua kaka yake Giuseppe. Yeye ikamkataa kwa udogo wa umbo lake. Milan wakampokea. Aprili 23, 1978, akiwa na umri wa miaka 17, aliingia Ligi Kuu ya Italia dhidi ya Verona, na mwaka uliofuata, akiwa beki wa nyuma kabisa, alisaidia kutwaa ubingwa wa 10 wa klabu hiyo.

Ndipo yalipoanza masaibu. Mwaka 1980 Milan ilishushwa daraja kwa kashfa ya kupanga matokeo, 1981 ikapanda, 1982 ikaanguka tena, safari hii kwa udhaifu wake yenyewe. Kiangazi hicho Baresi alikuwamo katika timu ya Italia iliyotwaa Kombe la Dunia, ingawa hakuchezeshwa hata dakika moja.

Bingwa wa dunia, mwenye miaka 22, atacheza daraja la pili? Fulvio Collovati, beki mwenzake, alihamia Inter, wala hatumlaumu: kila mtu na riziki yake. Baresi alibaki, akavishwa unahodha, na msimu wa 1982-83 akairudisha Milan Ligi Kuu.