Kiyoyozi cha Darini: Chujio Liko Wapi?

Siku hizi baadhi ya wanaojenga Dar es Salaam na Mombasa hupenda kiyoyozi kilichofichwa juu ya dari, hewa ikipita kwenye njia zake na kutokea vyumbani kwa vitundu. Nyumba hupendeza, lakini kisichoonekana aghalabu hakisafishwi.

Kabla hujatoa fedha, muulize fundi: mlango wa kufikia chujio uko wapi? Akikwambia dari itakatwa siku kikiharibika, mkatalie. Penye vumbi chujio huoshwa kila mwezi. Muulize pia maji yanayodondoka kwenye mtambo yataelekea wapi. Maji hayo si najisi, ila yakituama darini huotesha ukungu, na mwenye pumu ndiye huanza kukohoa usiku. Bomba lake liwe na mteremko. Njia za hewa nazo, kwa kuwa ziko chini ya bati la moto, zivishwe kizuia joto, la sivyo zitatoa jasho.

Ipo mitambo inayopasha joto pia. Pwani ni gharama bure. Wa Arusha au Nairobi wanaweza kuifikiria kwa baridi ya Julai.

Asubuhi fungueni madirisha, kwani mingi ya mitambo hii huzungusha hewa ile ile iliyomo ndani.