Wageni wa arusi wasigeuzwe wafungwa wa sebuleni

Iwapo umewahi kuketi katika kamati ya arusi hapa Nairobi, unajua jinsi mambo yanavyojadiliwa hadi usiku wa manane. Keki itakuwa na ngazi ngapi? Wasimamizi watavaa rangi gani? Nani atakodi mahema na viti? Aghalabu hakuna mwanakamati anayeinua mkono na kuuliza: wale wazee watakaowasili Alhamisi usiku kutoka Busia, Taita au Marsabit, Ijumaa kutwa watakuwa wakifanya nini?

Jibu twalijua sote. Watakaa sebuleni wakitazama runinga. Bibi arusi yuko kwa msusi, bwana arusi anahangaikia magari, mama mwenye nyumba hashikiki, na mlango umetiwa komeo kwa sababu ati jijini kuna wezi. Wakirudi nyumbani Jumatatu na kuulizwa habari za Nairobi, hawana la kusimulia isipokuwa msongamano wa magari. Wala usidhani watanyamaza. Watasema, na maneno hayo yatafika kwa wakwe. Si ajabu ndoa ikaanza na kinyongo kwa sababu wazee wa upande mmoja walitembezwa na wa upande wa pili wakasahauliwa kama mizigo.

Basi waulize mapema, kabla hawajapanda basi. Vijana wa mjini hudhani kila mtu wa mashambani anatamani kupelekwa kwenye jumba la maduka akapande ngazi zinazojiendesha. Wapo watakaofurahi. Lakini huenda nyanya ana mjukuu anayesoma Chuo Kikuu cha Kenyatta ambaye hajamwona tangu mwaka uliopita. Huenda mjomba ana orodha ya vipuri vya mashine yake ya kusaga mahindi, na shabaha yake ni barabara ya Kirinyaga. Shangazi naye anataka kupekua mitumba Gikomba. Kuna na mgonjwa aliyelazwa hospitalini ambaye ukoo mzima utataka kumjulia hali, na hilo litangulie mengine yote. Tena mtu aliyekesha ndani ya basi hahitaji matembezi saa tatu asubuhi. Anahitaji maji moto ya kuoga, chai, na kitanda.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika arusi zetu jembe hutolewa siku ya kwanza: shangazi hajavua viatu, tayari amekabidhiwa karai la viazi na kisu! Hata hivyo, wapo akina mama ambao raha yao ni hiyo hasa, kukaa pamoja wakimenya vitunguu na kucheka. Mwache achague. Kosa ni kumwajiri mtu kwa nguvu kisha kumshukuru kwa soda moja.

Sasa, wapelekwe wapi? Mimi nikiwa na mzee mmoja tu wa kutembeza, ningeanzia Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu. Yalifunguliwa mwaka wa 1971, na wengi wetu hupita karibu kila siku bila kuingia. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901, kwa hiyo mgeni kutoka Voi, Nakuru au Kisumu atakuta historia ya kwao humo. Kuna magarimoshi ya mvuke unayoweza kuyakaribia, na kuna behewa ambamo simba aliingia huko Kima mwaka wa 1900 akamuua afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, aliyekuwa amekuja kumwinda simba huyo huyo. Mwonyeshe mzee behewa hilo kisha unyamaze. Hadithi zitakazotoka kinywani mwake zitakushinda.

Makumbusho ya Taifa nayo yana la kila mtu. Mgeni wa Marsabit atamkuta ndovu Ahmed amesimama uani kwa umbo la sanamu. Ndovu huyo alilindwa kwa amri ya Rais Kenyatta na akafa mwaka wa 1974. Mgeni wa Ukambani aelezwe kwamba mabaki ya yule kijana wa Turkana, yenye umri wa takriban miaka milioni moja na nusu, yaligunduliwa mwaka wa 1984 na Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Makueni. Watoto watakimbilia kwenye bustani ya nyoka iliyo hapo hapo.

Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1946, inahitaji gari na nusu siku. Simba na vifaru wamo, ndovu hawamo. Ukitaka ndovu kuna kituo cha mayatima ambacho huonyesha ndama wakinywa maziwa saa tano mchana, nako sharti uweke nafasi mapema. Lakini tumia busara. Mgeni wa Taita ambaye ndovu wamemmalizia mahindi mara mbili hatachekeshwa na ndovu anayenyweshwa kwa chupa. Vivyo hivyo msitu wa Karura: ni mahali pazuri mno, na Wangari Maathai alipigwa akiutetea mwaka wa 1999, lakini mtu aliyetoka pembezoni mwa msitu wa Kakamega anaweza kukuuliza kwa nini alipie kutazama miti.

Wageni wabebe vitambulisho vyao vya taifa ili walipe ada ya mwananchi. Mbugani malipo ni ya simu, si noti. Chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zilipigwa marufuku katika mbuga zetu tangu Juni 2020, kwa hiyo maji yawe kwenye chupa ya kudumu. Tena wanaotoka Pwani na Kisumu waambiwe mapema kuhusu baridi, hasa arusi ikiwa Julai au Agosti. Usingoje mzee aanze kutetemeka ndipo umtafutie sweta.

Kazi hii apewe nani? Asipewe mwanakamati. Nyinyi wanafunzi wa vyuo, hapa ndipo mnapohitajika. Kijana mmoja anayeijua lugha ya nyumbani na anayejua matatu zinakosimama anatosha kutembeza wageni wanne au watano. Apewe nauli kamili na pesa za chakula cha mchana, asiachwe kukopa kwa wageni. Kila mgeni awe na kikaratasi chenye nambari za simu za watu wawili na jina la mtaa anakolala. Na kijana mwenyewe ajue kwamba hatembei na rafiki zake: magoti ya nyanya yana mwendo wake, na choo kitafutwe kabla hakijaulizwa.

Ijumaa wasipelekwe mbali. Safari ya Lang'ata inaweza kuwarudisha usiku ilhali kesho ni kanisani mapema. Iwe ya mambo ya karibu, na ikiwezekana watembezwe wazee wa pande zote mbili pamoja. Siku yenyewe ya arusi watakaa katika mahema tofauti wakitazamana kwa heshima. Lakini baba wa bwana arusi na mjomba wa bibi arusi wakikaa benchi moja wakila muhogo wa kuchoma, watajuana mashamba, mifugo na hata madeni. Mbuga iachiwe Jumapili alasiri, wakati hakuna anayekimbizana na saa.

Tiketi za kurudi zikatwe mapema, hasa Agosti na Desemba ambapo nauli hupanda na viti huadimika. Kijana yule yule awasindikize hadi stendi, awaone wameketi. Na kipande cha keki kifungwe vizuri kwa ajili ya waliobaki nyumbani wakikama ng'ombe.