Wapeleke Watoto Wakauone Mlima

Bwana Mkulima, nina swali moja kwako. Wewe unakaa chini ya Mlima Kenya, na kila asubuhi huuona kabla mawingu hayajaufunika. Je, watoto wako wamewahi kuingia katika msitu wake? Wakulima wengi nikiwauliza hucheka, wakasema, “Karani, mlima ni wa wageni wenye viatu vizito. Sisi tuna viazi vya kupalilia.” Jibu hilo hata mimi nililitoa kwa miaka mingi. Leo nataka kukueleza kwa nini nimeliacha.

Mwezi mmoja wa Februari maji ya mfereji wetu yalipungua hata yakawa membamba kama uzi. Binti yangu wa miaka 9 akaniuliza, “Baba, ni nani aliyeyafunga maji huko juu?” Hapo nikatambua ya kwamba mtoto anadhani maji yana mwenyewe, naye huyafungua na kuyafunga apendavyo. Mimi nilisomea ualimu, na kila siku naandika habari za udongo na maji katika ofisi ya kilimo, lakini sikuwa nimewaonyesha watoto wangu mahali unapotoka mto tunaounywa. Niliona aibu.

Basi Jumamosi iliyofuata tukaondoka alfajiri: mimi, mama watoto, watoto watatu, na nyanya yao ambaye alikataa kuachwa nyumbani. Tulichukua nduma, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha na chai katika themosi. Tulishuka kwenye matatu pale Naro Moru, tukakodi gari hadi lango la mbuga. Lango hilo liko kiasi cha meta 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo njia ya gari hupanda mpaka kituo cha hali ya hewa, kiasi cha meta 3,050. Hatukukusudia kufika huko. Shabaha yetu ilikuwa kutembea saa moja, kula, na kurudi.

Lakini saa moja hiyo ilitufundisha mengi. Kwanza tulipita katikati ya miti mikubwa, kisha tukaingia katika mianzi, ambako jua huonekana kwa shida. Mbega waliruka juu yetu na manyoya yao meupe. Nyanya aliwaonyesha watoto majani ya dawa ambayo mimi mwenyewe sikuyajua.

Hapo nilifanya jaribio ambalo wewe pia waweza kulifanya. Nilijaza kopo maji, nikayamwaga polepole kando ya njia, juu ya majani yaliyooza chini ya miti. Yakanywewa yote. Nikajaza kopo la pili, nikayamwaga katikati ya njia, mahali palipokanyagwa na magari. Yakateremka mbio, yakawa mekundu kwa udongo. Sikuhitaji kueleza mengi. Binti yangu akasema mwenyewe, “Kumbe msitu ndio tangi letu!” Ndivyo ilivyo. Mvua inayonywewa na msitu hutoka kidogo kidogo katika chemchemi hata wakati wa kiangazi. Mvua inayoanguka juu ya mteremko mtupu hukimbia siku ile ile, nayo huondoka na shamba lako.

Kisha tuliongea habari za safari ya maji hayo. Mto Naro Moru huingia katika Ewaso Nyiro, ukapita Laikipia na Samburu, hata ukafika kwenye kinamasi cha Lorian. Mito ya upande wa kusini na mashariki ya mlima huingia katika Tana, nao Tana huzungusha mitambo ya umeme ya Kindaruma, Masinga na mingineyo. Kwa hiyo taa ya mtu wa Nairobi na ng’ombe wa mfugaji wa Samburu hutegemea msitu ule ule. Mtoto akilielewa jambo hilo mapema, atakapokuwa mkulima hatayazuia maji yote shambani mwake.

Sasa, msomaji, nataka kukiri kosa langu, ili wewe usilifanye. Ilipokaribia saa sita ukungu ulishuka ghafula. Mimi nilikuwa nazungumza na askari wa mbuga tuliyekuwa naye, wala sikumtazama mwanangu wa miaka 6. Yeye alimfuata kipepeo akaingia katika kijia kilichokatwa na ndovu ndani ya mianzi. Tulipogeuka hakuwako. Mama yake alitaka kukimbia huku na huku, lakini askari alituamuru sote tusimame mahali pamoja na kunyamaza. Akapiga filimbi, akasikiliza, akapiga tena. Tulimsikia mtoto akilia upande wa chini, naye askari akaenda kumleta. Hazikupita dakika 15, lakini kwangu zilikuwa ndefu kama usiku mzima. Kinyesi cha ndovu kilichokuwa katika kijia kile kilikuwa bado kibichi.

Kwa hiyo shika sana mambo haya:

1. Chagua majira. Januari na Februari ni miezi mizuri, na pia Agosti, watoto wakiwa likizoni. Machi hadi Mei mvua ni nyingi na njia huteleza. Ondoka mapema, maana ukungu hushuka adhuhuri.

2. Usiingie msituni kwa siri. Pita langoni, au katika ofisi ya misitu, ukaandikishwe. Chukua kitambulisho chako, kwa kuwa mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni, na mtoto hulipa kidogo kuliko mtu mzima. Siku hizi mbugani hulipwa kwa simu, si kwa fedha mkononi.

3. Omba askari au kiongozi mwenye kuijua njia. Mtu mzima mmoja atangulie, mwingine awe nyuma, na watoto wawe katikati. Mpe kila mtoto filimbi, umfundishe kwamba akipotea asimame pale pale na kupiga.

4. Vaa nguo za baridi. Kila ukipanda meta 1,000 joto hupungua kiasi cha digrii 6. Sweta na koti la mvua ni lazima, hata kama nyumbani jua ni kali.

5. Usiwapandishe watoto juu sana. Kilele cha Lenana ni meta 4,985, nacho si mahali pa matembezi ya familia. Mtu akiumwa kichwa na kutapika, mrudishe chini mara moja.

6. Usiwashe moto, wala usitupe kichungi cha sigara. Machi 2012 moto uliteketeza maelfu ya hekta mlimani. Tena, tangu Juni 2020 ni marufuku kuingia katika mbuga na misitu ya hifadhi na chupa za plastiki za kutumiwa mara moja.

Ikiwa Naro Moru ni mbali kwako, ziko sehemu nyingine. Watu wa Nyahururu wana maporomoko ya Thomson, ambako mto Ewaso Narok huanguka meta 74. Mshike mtoto mkono, usimwache asogelee ukingo. Watu wa Meru na Timau wako karibu na msitu wa Ngare Ndare, wenye daraja la kutembea juu kati ya matawi. Huko watoto hufurahi mno.

Usingoje mpaka uwe tajiri. Usingoje pia kwa sababu mlima upo siku zote. Mwaka 1899 Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian, barafu yake ilikuwa kubwa sana kuliko iliyobaki leo. Watoto wetu huenda wakawa wa mwisho kuiona kwa macho yao.

Waswahili husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi nyumbani tuna zamu ya maji siku mbili kwa juma. Zamani zamu yetu ilipokwisha, mara nyingi nilijifanya nimesahau kufunga mlango wa mfereji, nami hupata maji ya usiku kucha. Juma lile tuliporudi, jua lilipozama, nilimwona binti yangu anashuka shambani na tochi. Nikamwuliza aendako. Akanijibu, “Naenda kufunga, Baba. Walio chini wanangoja.” Sikuwa na neno la kumjibu. Nilichukua jembe nikamfuata.