Majeraha ya Akili Kazini: Funzo Kutoka Nairobi

Tarehe 2 Juni, 2023, Mahakama ya Kazi mjini Nairobi, nchini Kenya, ilitoa amri ya muda yenye uzito mkubwa kwa wafanyakazi wa eneo hili lote la Afrika. Jaji aliiagiza kampuni ya Meta ya Marekani, yenye mtandao wa Facebook, ihakikishe kwamba vijana waliokuwa wakichuja picha na maandishi ya mtandao huo wanapata matibabu yafaayo, yakiwamo matibabu ya akili. Kampuni hiyo ilikuwa imeshikilia kwamba vijana hao hawakuwa wafanyakazi wake. Mahakama ilisema kwamba, kwa ushahidi uliokuwa mbele yake wakati ule, Meta ndiyo iliyokuwa mwajiri hasa, na kampuni iliyowaandika kazi mjini Nairobi ilikuwa wakala tu.

Ili kuufahamu uzito wa amri hiyo, yafaa kwanza kuieleza kazi yenyewe. Kila siku watu wa mataifa yote hutia katika mitandao ya kijamii picha, filamu na maandishi yasiyo na idadi. Mengi ni salamu, arusi na biashara. Lakini yamo pia mauaji, ubakaji, mateso ya watoto, na watu wanaojiua mbele ya kamera. Mitambo hukamata sehemu ya uchafu huo, lakini haiwezi kuumaliza. Na pale maneno yanapokuwa ya Kiamhari, Kisomali, Kioromo au Kiswahili, hapana budi awepo binadamu anayeijua lugha hiyo, akae mbele ya kioo, atazame, kisha aamue kipi kifutwe na kipi kibaki. Mamilioni ya watu hawaoni mambo hayo kwa sababu yupo mtu aliyekwisha kuyaona kwa niaba yao.

Kuanzia mwaka 2019, kampuni ya Sama, ambayo nayo asili yake ni Marekani, iliifanya kazi hiyo mjini Nairobi kwa mkataba na Facebook. Iliajiri vijana wa Kenya, na wengine wengi kutoka Uganda, Ethiopia, Somalia, Afrika Kusini na kwingineko. Wengi wao walikuwa mbali na jamaa zao, na walifungwa na masharti ya siri yaliyowazuia kusimulia waliyoyaona kazini. Vita vya Tigray vilipozuka mwezi Novemba, 2020, wapo waliolazimika kutazama saa baada ya saa damu ya nchi yao wenyewe ikimwagika.

Mmoja wa vijana hao, Ndugu Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alijaribu kuwaunganisha wenzake ili wadai mishahara bora na huduma ya afya ya akili. Aliachishwa kazi. Mwezi Mei, 2022, alifungua shauri mjini Nairobi dhidi ya kampuni zote mbili. Mapema mwaka 2023 Sama ilitangaza kwamba inaiacha kazi ya kuchuja habari, na vijana zaidi ya 180 waliopoteza ajira zao wakafungua shauri la pili. Makampuni hayo yalikanusha madai. Yalieleza kwamba washauri wa afya ya akili walikuwapo, na kwamba ilikuwapo mitambo ya kufifisha picha za kutisha ili zisimwumize mtazamaji. Aidha, Meta ilidai kuwa haina makao nchini Kenya, na kwa hiyo mahakama za nchi hiyo hazina uwezo wa kuihukumu. Tarehe 20 Septemba, 2024, Mahakama ya Rufani ya Kenya iliikataa hoja hiyo na kuamua kwamba kampuni hiyo inaweza kushitakiwa Nairobi.

Miezi mitatu baadaye ukapatikana ushahidi wa kusikitisha zaidi. Taarifa za daktari mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta zilieleza kwamba aliwapima wachujaji 144 wa zamani, na wote akawakuta na maradhi ya kiwewe, yaani yale yanayomwandama mtu baada ya kushuhudia mambo ya kutisha. Kwa zaidi ya watu wanne katika kila watano, maradhi hayo yalikuwa makali. Mgonjwa wa namna hiyo hukosa usingizi, hushtuka kwa kelele ndogo, na huona tena usiku yale aliyoyaona mchana. Huwaepuka watu, hata wa nyumbani mwake. Wengi wa waliopimwa walikuwa wamekwisha kuiacha kazi hiyo kwa mwaka mzima au zaidi, lakini kazi haikuwa imewaacha wao.

Swali linalojitokeza ni hili: kwa nini imechukua muda mrefu kiasi hicho kulitambua jeraha la aina hii? Mfanyakazi wa kiwanda akikatwa kidole na mashine, hakuna atakayeuliza kama ni kweli ameumia. Damu inaonekana, na sheria za fidia zinajulikana. Lakini anayeumia akilini huambiwa ajikaze, au husemwa kwamba ana moyo mwepesi, na pengine hutafutiwa kosa ili afukuzwe. Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijua maiti.

Hata hivyo, kanuni ya kimataifa si ngeni. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unatamka kwamba afya kazini ni pamoja na mambo ya mwili na ya akili yanayohusiana na usalama wa kazi. Mwezi Juni, 2022, Shirika hilo liliuingiza mkataba huo miongoni mwa mikataba yake ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama yapaswa kuziheshimu kanuni zake hata kama haijautia sahihi. Na hasara ya kupuuza jambo hili si ya mgonjwa peke yake. Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi yamekadiria kwamba sonona na wasiwasi uliopita kiasi huupotezea ulimwengu siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, zenye thamani ya dola trilioni moja za Marekani.

Utetezi wa makampuni, kwamba washauri walikuwapo, unastahili kutazamwa kwa makini, kwani waajiri wengi hudhani kwamba wakisha kumweka mshauri katika chumba kimoja wamemaliza wajibu wao. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwezi Septemba, 2022, unasema zaidi ya hapo. Unataka kwanza kazi yenyewe irekebishwe: saa zake, kasi yake, na uwezo wa mfanyakazi kusema juu ya namna anavyoifanya. Pili, unataka wasimamizi wafundishwe kumtambua na kumsikiliza aliyeelemewa. Tatu, unataka aliyeugua asaidiwe kurudi kazini hatua kwa hatua. Mshauri ana nafasi yake katika mpango huo, lakini hawezi kumponya mtu kwa nusu saa iwapo mtu huyo atarudishwa papo hapo mbele ya kioo kile kile, kwa kasi ile ile. Wala mfanyakazi hatamfunulia moyo mshauri ambaye anamshuku kwamba atapeleka maneno kwa meneja.

Jambo jingine la kutafakari ni tofauti ya haki kati ya nchi na nchi. Mwaka 2020 Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kumaliza shauri lililofunguliwa na wachujaji wa Marekani, ingawa haikukiri kosa. Zaidi ya watu 11,000 walihusika, na kila mmoja alistahili kupata dola 1,000 au zaidi. Kazi ilikuwa moja na picha zilikuwa za namna moja. Akili ya kijana wa Nairobi haikuumbwa kwa chuma hata asistahili kupewa ulinzi kama huo.

Wapo watakaosema kwamba nchi maskini zikidai mengi, wenye mitaji watakwenda kwingine. Hofu hiyo ina msingi, maana kazi ya Nairobi ilikwisha kwa tangazo moja. Lakini mwaka 2025 malalamiko ya namna ile ile yalisikika kutoka Accra, nchini Ghana. Basi ikiwa kila nchi itashusha masharti yake ili ipate ajira, kazi itakuwa ikihama na maradhi yake kutoka mji hadi mji. Dawa ni nchi jirani kuwa na masharti yanayofanana: maradhi ya akili yaliyoletwa na kazi yahesabiwe kuwa madhara ya kazi, mwenye kufaidi kazi asijifiche nyuma ya wakala, na mkataba wa siri usimzuie mtu kumweleza daktari wake. Vyama vya wafanyakazi navyo vina sehemu yao. Tarehe 1 Mei, 2023, wachujaji zaidi ya 150 walikutana Nairobi, wakapiga kura ya kuunda chama chao.

Tena, mchujaji wa mtandao si mfanyakazi peke yake anayebeba mzigo huu. Yupo mwuguzi wa wodi ya majeruhi. Yupo askari anayeokota maiti barabarani, dereva wa basi aliyenusurika katika ajali, na karani wa benki aliyewahi kuelekezewa bunduki na majambazi. Hao wote hurudi kazini kesho yake, na mara nyingi hakuna anayewauliza hali zao. Shauri la Nairobi limewapa waajiri wa nchi jirani nafasi ya kuanza kuuliza kabla ya kuitwa mahakamani. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.